Namna ya Kutoka Korongoni na Picha Mia Nne za Ukungu

Nenda Zion, kule Utah, Marekani, ukateremke korongo liitwalo Subway. Ukianzia juu utahitaji kibali, kamba na suti ya mpira, maana madimbwi ya humo hayaoni jua na baridi yake si ya mchezo. (Utabiri wa mvua usiufanyie mzaha: mafuriko huja ghafla, hata kama juu yako hakuna wingu.) Vifaa azima. Kamera ndiyo ununue, tena ile ambayo boksi lake linasema inastahimili maji hadi mita 15. Iamini hiyo 15. Usijisumbue kuwaza kwamba wanaopima huizamisha kwenye maji yaliyotulia, ilhali wewe utaruka nayo kutoka juu ya jiwe ukipiga kelele.

Mlango wa betri umezungushiwa mpira mwembamba. Huo tu ndio unaotenganisha mto na pesa zako. Ufungue mchangani, mikono ikichuruzika maji, ili chembe moja ya mchanga ipate pa kulala. Wapo wanaobadilisha betri nyumbani na kuupangusa mpira kwa kitambaa safi. Hao hawana raha ya maisha.

Kisha anika kamera mwambani mpaka ipate moto, halafu itumbukize. Unyevu uliofungiwa ndani utatanda kwenye kioo, na tangu hapo kila picha itaonekana imepigwa Lushoto alfajiri.

Sasa lenzi. Kamera nyingi za aina hii lenzi yake haichomozi. Imejificha kwenye kona ya juu, pale pale kidole cha mkono wa kushoto kinapopenda kupumzika. Kiache kipumzike. Matone nayo? Wazoefu huilamba lenzi, naam, kwa ulimi, ili maji yatandae badala ya kusimama matone matone, kisha hupiga haraka. Wewe una adabu zako. Futa kwa fulana iliyolowa.

Mtafika pale kuta zinapojikunja kama handaki la treni, ndiko lilikotoka jina. Kuna giza. Wenye subira husimamisha kamera kwenye tripodi na kungoja jua ligonge ukuta wa juu, rangi ya chungwa imwagikie madimbwi ya kijani. Wewe washa flashi. Utapata picha safi ya vitone vya maji hewani.

Na kamba ya mkononi iwe ile isiyoelea. Kamera isiyoingia maji huzama vizuri tu. Utaligundua hilo ukiwa umening'inia, ukiitazama ikishuka polepole, kitaa chake chekundu kikiwaka. Inarekodi.

Mwenzako ataizamia. Haina hata mkwaruzo. Ukifika nyumbani mpe mama aangalie. Atapitisha ukungu, ukungu, ukungu, mpaka afike kwenye picha iliyotoka kuliko zote.

"Mwanangu, hiki kidole cha nani?"

"Changu, mama."

"Kata kucha."