Samaki Aliyevuliwa na Wawili

Salamu kutoka Valencia zimefika Kondele kwa ujumbe wa sauti, na zimefika na aibu zake. Kijana wa mtaa huo, aliyeondoka Kisumu akijigamba kwamba lugha haimsumbui mtu aliyelelewa kwa Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Sheng', ameangushwa na vineno vya herufi mbili tatu.

Wakenya wa huko walikuwa wakijiandaa kwa sherehe ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, wakaamua kuwauzia majirani chakula. Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuiandika ubaoni kwa Kihispania akapewa yeye. Samaki alikuwa mbuta, yule yule wa Ziwa Victoria, ambaye madukani Uhispania huitwa perca del Nilo.

Kiingereza kilisema samaki "for" watu wawili, "for" euro 12. Kijana akaona "for" mbili, akaweka "por" mbili. Pescado por dos personas. Kumbe "pescado" ni samaki na pia ni "aliyevuliwa", na "por" humtaja mtendaji. Ubao ukawatangazia watu wa Valencia samaki aliyevuliwa na watu wawili! "Por" ilifaa kwenye bei tu. Walaji walihitaji "para".

Linaloudhi ni kwamba Kiswahili kilishamtenganishia: samaki "wa" watu wawili, "kwa" euro 12. Angetoka Kondele moja kwa moja angefika Valencia salama. Yeye akapitia London.

Chai nayo ikaharibika. "Té" yenye alama ni chai. Ukiivua alama inabaki "te", ile "ku" ya "nakupenda". Alama hakuziweka, basi chai ya maziwa ikasomeka "ku ya maziwa", kama kuku aliyekatwa katikati. Mjaluo hana haki ya kucheka: "chak" ni maziwa, na "chak" ni anza. Maandishi hayasaidii kitu, sikio ndilo linalojua.

Kuhusu umri wake hakutaka kueleza mengi. Alimwandikia mwenye nyumba kwamba ana "27 anos", bila kile kiwimbi juu ya n kinachoipa sauti ya "ny" yetu ya nyama. Años ni miaka. Anos ni kiungo ambacho binadamu hujaliwa kimoja tu, tena cha kukalia.

Siku ya sherehe mzee mmoja alisimama mbele ya ubao akauliza, kwa heshima zote, hao wavuvi wawili ni akina nani. Ujumbe huo wa sauti ulipochezwa nyumbani kila mtu alicheka isipokuwa mama yake, ambaye amekaanga samaki ufukweni Dunga miaka mingi.

"Wawili tu?" akauliza. "Na mtumbwi ulikuwa wa nani?"