Waraka kwa Bwana Mifugo wa Kata Yetu

Kwako Bwana Mifugo,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Itikio lake unalijua; sisi wa mtaa wa nyuma ya bucha tumeliweka akiba mpaka kazi yenyewe ianze.

Kwanza pongezi. Alhamisi ile mbuzi wa jirani yangu, muuza chapati, alipokata kamba na kuingia bustani ya ofisi ya kata, hakuwahi kumaliza hata tuta moja la mchicha. Nusu saa haikupita, vijana wako wawili wakawa wamemshika pembe na kumfunga mwembeni. Faini ya kuzurura shilingi elfu ishirini, malisho elfu tano kwa siku, namba ya malipo ikatoka papo hapo na risiti ikachapwa. Malisho yenyewe, kwa macho yangu, yalikuwa majani ya mwembe yaliyojidondokea. Sipingi, Bwana Mifugo. Sheria ndogo ni sheria, na mchicha ni mchicha.

Jumatatu iliyofuata mbwa mweupe mwenye sikio lililochanika alimng'ata mtoto wa darasa la tatu kwenye shavu la mguu. Yule yule muuza chapati akachukua kipande cha sabuni, akamkalisha mtoto bombani, akamwosha kidonda dakika 15 kwa saa ya simu, huku foleni ya ndoo ikinung'unika. Siku hiyo ndilo jambo pekee lililofanywa inavyotakiwa, na aliyelifanya hana cheo. Ofisini kwako tuliambiwa mtu kung'atwa ni mambo ya afya, twende zahanati. Zahanati wakasema mbwa ni mambo ya mifugo, turudi kwako. Sindano tulizipata hospitali ya wilaya, kwa nauli na mkopo wa kikoba.

Wewe ni msomi, kwa hiyo niwie radhi nikikusomea ya kwako. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imewapa wakaguzi wa mifugo meno: kukagua, kukamata, kuweka karantini. Mbwa aliyeng'ata hufungiwa akaangaliwa siku 10. Zikiisha naye mzima, wazazi wanashusha pumzi. Wa kwetu aliangaliwa na vijana wa bodaboda, kwa zamu, kati ya abiria na abiria. Siku ya sita akatoweka. Mtoto ikabidi amalize sindano zote.

Usije ukasema nakuonea, maana mwaka jana ulikuja. Ulikuja na gari, kipaza sauti na bunduki. Wakafa mbwa tisa, wawili kati yao wakiwa kwenye minyororo uani kwa wenyewe, kadi za chanjo zimo kabatini. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini siku ile nadhani ilisahaulika garini. Mwezi haukuisha, nafasi za marehemu nyuma ya bucha zikajazwa na wageni waliofuata mifupa, wasiojua sindano wala kamba. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilitokomezwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Kikaingia tena 2016, kikatokomezwa tena 2018 kwa sindano hizo hizo. Wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Hapa kwetu Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tuliona fulana. Zilikuwa nzuri sana.

Nimekaa nikatafakari, na nadhani sasa nimekuelewa. Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe ana simu yenye salio. Mbwa wa bucha hana wa kumlipia. Basi mtaa umeshauriana. Waliopo sasa ni watano, nimewahesabu mwenyewe saa kumi na moja alfajiri wakipita mbele ya ofisi yako. Tutumie namba ya malipo, elfu ishirini kwa kila kichwa kama ya mbuzi, nasi tutachanga ili nao wapate kukamatwa na kuchanjwa. Ya malisho usitudai. Mwenye bucha ameahidi mifupa, na mwembe wako ubaki na majani yake.

Wako mtiifu,
Mlipa faini, mtaa wa nyuma ya bucha