Kushoto Kwenda, Kushoto Kurudi

"Shangazi, mimi na mume wangu tutapanda ndege ya asubuhi kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Lodwar, halafu tushike matatu ya Kakuma kwa wazazi wake. Kurudi ni jioni. Kila mmoja wetu anataka dirisha la kuonea ziwa, na ndoa yenyewe ina miezi minne tu. Tufanyeje?" – Bibi Arusi

Bibi Arusi, mwachie mumeo dirisha la kulia, tena kwa tabasamu, maana anagombania jua. Ndege ya Lodwar ikitoka Nairobi huelekea kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo, kwa hiyo asubuhi jua lote liko kulia. Ziwa Turkana nalo liko huko, sikatai, ila kulitazama dhidi ya jua la saa mbili ni kama kutazama bati jipya: utaona mng'aro, rangi hutaiona. Na rangi ndiyo sifa yake. Ule ukijani wa mwani hujitokeza jua likiwa mgongoni mwa mtazamaji. Kushoto, wakati huohuo, Bonde la Ufa limeangazwa lote: Longonot na shimo lake, Naivasha, Nakuru, kisha Bogoria na Baringo, majirani wasiofanana hata kidogo. Bogoria lenye magadi ni la kijani. Baringo, lenye maji baridi, ni la kahawia kwa udongo unaoshuka na mito kutoka milimani. Jioni ndege ikielekeza pua kusini, mashariki inahamia kushoto kwako na jua linabaki upande wa mumeo. Hapo ndipo utaliona ziwa lenyewe, na baada yake Bonde la Suguta na volkano za ncha ile ya kusini ya ziwa aliyoifikia mvumbuzi Teleki mwaka 1888.

Mumeo atasema kulia asubuhi kuna Mlima Kenya. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kilele huwa wazi asubuhi na kufikia alasiri kimejifunika mawingu. Anayetaka mlima tu akae kulia, lakini ajue amebadilisha maziwa manne kwa kilele kimoja, tena cha mbali. Akisema rubani anaweza kupinda njia kukwepa mawingu, mjibu kwamba rubani hana uwezo wa kuhamisha mashariki. Akileta habari ya bawa, ndege kama Dash 8 bawa lake liko juu ya madirisha. Kinachoziba ni injini na gurudumu linaloshuka chini yake, basi ombeni viti vya mbele. Mkipangiwa ndege ya saa sita, jua likiwa utosini, ugomvi hauna maana: kaeni popote.

Ama hicho kipande cha Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi za upepo na vumbi, dirisha bora la matatu ni lile linalofungika.