Utetezi wa Matope ya Mloka

Lami haikosi wasemaji, hasa karibu na uchaguzi. Matope hayana wakili. Basi tuyatetee yale ya njia ya Kibiti, Mkongo, Mloka hadi geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Masika ikishika, udongo mfinyanzi wa bonde la Rufiji hauulizi cheo: waziri hukwama, mtalii hukwama, lori la bia hukwama. Ofisi ya umma yenye usawa wa namna hiyo ni adimu. Hifadhi hii, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na matope huilinda msimu mzima bila kudai posho. Tena sare yao humvika kila apitaye. Anayebisha aende Mikumi, ambako barabara kuu ya Zambia inakatiza hifadhini. Huko wanyama wamegongwa hata ikabidi itungwe orodha ya faini, kila mnyama na bei yake. Tope halijawahi kumgonga swala. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia lami kaskazini mwa Serengeti, baada ya kesi iliyofunguliwa 2010. Mvua ya nusu saa hutoa hukumu hiyohiyo, na hakuna wa kukata rufaa.

Atasema mwenye nazo: mimi napanda ndege. Sawa, Cessna Caravan humfikisha kutoka Dar es Salaam kabla ya saa moja kwisha, na begi lake laini la kilo 15. Lakini kiwanja chenyewe ni cha udongo, na mvua ikizidi rubani naye huzuiwa na tope lilelile. Pingamizi la majangili ni gumu zaidi. Tembo wa Selous walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 1976 hadi kama 13,000 mwaka 2013, matope yakiwepo. Ni kweli: mlinzi huyu hulala kiangazi chote, na jangili hutembea kwa miguu. Gumu kuliko yote ni la mjamzito wa Mloka anayekimbizwa hospitali usiku wa masika. Hapo sina utetezi. Lami ifike kijijini, hata kesho. Ombi langu ni dogo: kipande kifupi kilichobaki mpaka getini kiachwe kama kilivyo. Kinatosha kumzamisha mwenye haraka.