Aliyefumua Sura ya Mwisho

Ukiwa Songea ukasikia kuna riwaya nzuri ya upelelezi, usimwulize mtu ikoje. Atakwambia. Ataegesha baiskeli, atatua gunia lake la mahindi, na kabla hujamaliza kusema shikamoo ameshakutajia maiti ilikutwa wapi, kisu kilikuwa cha nani na urithi ulikuwa wa nani. Kisha atamalizia: "Lakini kisome, ni kizuri mno."

Kijiwe chetu cha wasomaji kiko Mfaranyaki, kwenye kibanda cha mama mmoja fundi cherehani. Vitabu vinakaa rafu moja na nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua, wengine kwa kukosa hela ya kumalizia, wengine kwa kunenepa. Anayeazima anaandikwa kwenye daftari la vipimo. Ndiyo maana ukilifungua unakuta: kifua 38, kiuno 34, Kufa na Kupona, arudishe Ijumaa.

Mwalimu wetu mstaafu ni mtu wa Bwana Msa. Kwake yeye upelelezi wa Kiswahili ulifika kileleni mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu hapo ni mteremko. Anapenda mpelelezi anayekaa kitako, akawasha kiko, akafikiri. Dogo wa bodaboda, ambaye husoma akisubiri abiria, hana subira na kiko. Yeye ni wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, risasi na ndege. "Kufikiri, mwalimu, mtu anaweza kufikiri hata nyumbani kwake," anasema.

Siku moja fundi akauliza, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, "Na wanawake kwenye hivyo vitabu vyenu wanafanya nini?"

Tulikohoa. Mwalimu akasafisha miwani. Dogo akajitosa: yupo Nuru, wa Joram Kiango, kwenye Tutarudi na Roho Zetu? ya Ben Mtobwa. Mrembo, jasiri, haogopi kitu.

"Ana kesi yake mwenyewe, au anamfuata Joram?"

Dogo akaona abiria kwa mbali.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikamtoa Mma Ramotswe wa Alexander McCall Smith, riwaya ya mwaka 1998: mama wa Botswana aliyeuza ng'ombe alioachiwa na baba yake, akafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, akawa anafumbua mambo ya watu huku akinywa chai. Fundi alipenda. Swali lake lilikuwa moja tu, ng'ombe walikuwa wangapi, na nilipomwambia nitaangalia akaniona msomaji wa juu juu.

Mwalimu alikasirika. Botswana ya nini? Hapa kwetu kuna Mkomanile, mwanamke wa Kingoni, mtawala kati ya wanaume, aliyeyapokea yale maji ya vita na kuwahimiza watu wasimame, na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1906 hapa hapa Songea pamoja na wenzake. Makumbusho ya Majimaji yako Mahenge, unakwenda kwa miguu. "Mnatafuta mwanamke shupavu kwenye basi la Gaborone!"

"Hiyo ningeisoma," akasema nesi, mwanachama wetu wa nne. "Mwisho wake naujua tayari."

Wakati ule hakuna aliyeitilia maanani kauli hiyo.

Maana tulikuwa na janga. Kuna mtu alikuwa anatuandikia mwuaji kwenye vitabu. Si pembeni ya ukurasa wa mia na kitu, la, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa biro ya bluu, mwandiko wa herufi kubwa: NI MJOMBA. Kingine: NI KARANI. Mimi nilisubiri kitabu kimoja hadi nikakonda, nikajifunika blanketi mbili maana ilikuwa Julai na baridi ya Matogoro ilikuwa imeshuka, nikafungua: NI DAKTARI. Daktari mwenyewe anaingia sura ya nne! Nilimsoma mtu yule mwema kurasa zote zile, akiwapa watoto pipi, huku namchukia.

Tukaanza kushukiana. Mwalimu alisema ni vijana wa siku hizi. Dogo alisema biro ni kitu cha walimu. Mimi niliambiwa nina uso wa kutojali, jambo ambalo mpaka leo nalitafakari.

Fundi hakusema kitu. Alichukua riwaya mpya, akakamata sura nzima ya mwisho, akaipitisha chini ya cherehani. Alivunja sindano mbili. Akashona ukingo wote kwa uzi wa kaki uliobaki kwenye sketi za shule. "Atakayefika hapo aje nimfumulie," akasema.

Kitabu kikaanza safari. Kwangu, kwa dogo, kwa mwalimu, kwa nesi. Hakuna aliyewahi kuja kufumuliwa. Kiliporudi kilikuwa kimeshonwa vile vile, uzi ule ule wa kaki, na ukurasa wa kwanza: NI MKE MDOGO.

Mwalimu akatamka neno uchawi, kwa sauti ya chini, kama msomi.

Fundi alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ukingo polepole. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokwenda moja kwa moja bila kukatwa. Huu ulikuwa umekatwa kila hatua, kila tundu na fundo lake, kwa nafasi sawasawa, safi kabisa. Akatuangalia mmoja mmoja. Akaweka kitabu mezani kwa upole.

"Sista," akasema, "huyu mgonjwa anakuja lini kutolewa nyuzi?"

Nesi hakukana. Hata uzi alikuwa ameuomba kwa fundi mwenyewe wiki ile ile, wa kushonea kifungo, na sare yake ni nyeupe. "Mimi usiku kucha niko wodini," akasema, "sijui nani ataamka na nani hataamka. Nirudi nyumbani nifanyiwe hivyo hivyo na kitabu?"

Hapo kidogo tulinyamaza. Lakini dogo akauliza: haya, na kutuandikia sisi je?

"Ile ilikuwa huduma."

Adhabu aliitoa fundi. Nesi sasa anasoma riwaya iliyoshonwa sura zote, na anafumuliwa moja kwa wiki, mbele yetu. Kitabu chenyewe kinakaa juu ya rafu, nyuma ya vitenge. Amefika sura ya tatu na hali yake si nzuri. Jumatatu alileta gauni lipunguzwe kiuno. Jumatano akalirudisha liongezwe. Jana alikuja na pazia, akaomba apimiwe, na fundi alipoinama kuokota futi akamkuta ameshapanda kwenye stuli.