Hii ni ya Japani, Haiozi

Mwenye ploti yetu hapa Rongai alipoweka kabro uani, alituongezea kodi na sheria kwa siku moja. Watoto wasicheze mpira, maji ya kisima yasioshe gari, oili isidondoke. Hizo kabro anazipenda kuliko wapangaji, na simlaumu. Hazijawahi kumwomba asubiri mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea chini ya Probox yangu, keateka alibisha mlango kabla chai haijachemka.

"Mwalimu, gari yako inakojoa."

Nilipotoka nikakuta ameshatandika katoni chini ya injini na kuandika kabro iliyoharibika kwenye daftari lake. Kikao nacho kilikuwa kimeanza, kwani Rongai boneti ikifunguliwa kila mwanamume anayepita ni makanika. Kijana wa boda alisema ringi za pistoni zimekwisha. Jirani wa juu, ambaye hana gari ila ana kauli, alisema ni sili ya krenki, injini ishushwe. Muuza mayai alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama naliuza hivyo hivyo lilivyo.

Hakuna aliyetaja wosha. Nani ahangaike na kitu kisichofikia bei ya chapati madondo wakati kuna injini ya kushusha?

Wosha yenyewe ni kipete cha alumini au shaba kinachokaa kati ya bolti ya kumwagia oili na sampu. Kazi yake ni kupondeka. Bolti ikikazwa, kipete hicho laini hujaza mikwaruzo na vibonde visivyoonekana kwa macho, oili ikakosa pa kupenyea. Kikishapondeka kimemaliza kazi. Ukikirudisha siku ya sevisi nyingine hakina tena ulaini wa kutoa. Cha shaba unaweza kukichoma mpaka kiwe chekundu kikarudia ulaini wake, ila sijamwona fundi wa Barabara ya Magadi akiwasha jiko kwa ajili hiyo.

Aliyenifanyia sevisi nilimwuliza mapema kabisa: "Fundi, wosha mpya iko?" Akaichukua ile ya zamani, akaigeuzageuza juani, akaifuta kwa suruali.

"Mkubwa, hii ni ya Japani. Haiozi."

Kisha, kwa kuwa hata yeye hakuiamini sana, akaizungushia bolti tepe nyeupe ya mafundi bomba, akapaka silikoni nyekundu, akachomeka bomba kwenye spana namba 14 na kulikanyaga. Injini hii, 1NZ ya Toyota, inataka bolti hiyo ikazwe kwa nyutoni-mita 37 hivi. Kwa spana ya sentimita 20, huo ni uzito wa kilo 19 ukining'inia mwishoni, yaani mtungi wa maji wa lita 20 ambao haukujazwa vizuri. Sisi wa Rongai mtungi huo tunaujua. Fundi wangu alikuwa mtu mzima aliyeshiba, kasimama juu ya bomba la futi tatu. Bolti ililia.

"Umesikia?" akaniambia. "Sasa imeshika."

Ajabu ni kwamba mji huu si wa wabahili. Matatu za namba 125 zinapita hapo na skrini, taa za kila rangi na spika za kutikisa madirisha ya ghorofa, na kuna mtu amelipia hayo yote. Mtu huyo huyo mwambie anunue kipete, ataanza kukueleza uchumi ulivyo mbaya.

Nikaenda mjini, Kirinyaga Road, ambako wazee wa spea bado hupaita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyetoka kusini mwa Afrika akafika Cairo mwaka 1900, sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Mtu mwenye akili; miguu haina sampu. Muuzaji alitafuta rafu ya juu, rafu ya chini, kisha akanimwagia kiganjani wosha za tundu la milimita 12. "Mzee, hii hakuna mtu huuliza," akasema, akinitazama kwa huruma.

Safari hii nikampelekea gari fundi mwingine, kijana mpole wa upande wa Kware. Kwanza alifungua sampu gadi, lile bati tunalofunga sote kwa sababu ya mawe ya barabara za ndani. Oili ikashuka kwenye karai, na hapo hapo akatokea mama mmoja na debe lake, kwani mchwa wa huku hawaachi nguzo ya ua isiyopakwa oili chafu. Kijana akakwangua silikoni, akatazama meno ya tundu la bolti, akapiga mluzi. Yalikuwa yamepona, maana chini sampu hii ni ya chuma; ingekuwa ya alumini, lile bomba la futi tatu lingeyanyonyoa yote.

Akavalisha wosha mpya, akakaza kwa mkono mmoja, akapangusa. Hakuna lililodondoka. Nikiwa natafuta pesa ya kumlipa, nikamwona ameokota ile ya zamani, akaifuta kwa suruali na kuitia kwenye kopo la Kimbo lililojaa nyingine za aina yake.

"Hizo za nini, fundi?"

"Kuna mwenye Vitz anakuja saa nane."