Baba Kaenda Ngomani Kutafuta Mwana

Kesi ya kwanza kijiweni ilikuwa ya mbwa. Wazee wetu wa Al Mintirib, Oman, walivumilia moshi, walivumilia mabega wazi, walivumilia na ule ukuta wa maspika uliosimamishwa katikati ya jangwa. Filamu ilipofika pale kijibwa kinapougua kwa kula kinyesi cha mtu aliyemeza LSD, ami mmoja alisonya msonyo wa kutoka chini ya kitovu, akasukuma kikombe cha kahawa na kusema: "Yakhe, watu hawa mpaka choo chao kina kesi ya polisi!"

Filamu yenyewe ni Sirāt ya Oliver Laxe, mtoto wa wazazi wa Kihispania aliyezaliwa Paris na kuwahi kuishi Morocco. Mwezi Mei 2025 ilichukua Tuzo ya Majaji kule Cannes, ikaigawana na filamu moja ya Kijerumani. Wengi wanaoonekana mle hawakuwa waigizaji. Ni watu wa reivu kwelikweli, wale wanaozunguka na malori yao wakifuata ngoma za mashine zinazopigwa usiku kucha mpaka jua liwakute. Mmoja hana mguu, mwengine hana kiganja, na hapo hapana ujanja wa kamera. Vijana ndio walioileta, tukaitazama kwenye runinga ya majlisi, wazee wakiwa wamekaa nyuma kwa madai kwamba hawaangalii.

Kisa chake kifupi. Mzee mmoja wa Kihispania, Luis, anafika kusini ya Morocco na mwanawe mdogo wa kiume, Esteban, na huyo mbwa mwenye kesi. Binti yake, Mar, ameondoka nyumbani miezi mingi na baba hana habari zake. Aliambiwa huenda yuko huko ngomani. Basi baba anapita katikati ya walevi, kamera inamfuata, anagawa picha ya binti yake: mmemwona huyu? Wanajeshi wanakuja kuvunja sherehe, redio inasema dunia inaingia vitani, na malori mawili ya wachezaji yanachomoka kwenye msafara kukimbilia ngoma nyengine mbali jangwani. Baba anawafuata na gari lake la kubebea watoto shule.

Hapo ndipo Al Mintirib ilipoanza kuidai filamu. Sisi tunaishi mdomoni mwa Rimal Al Sharqiyah, ambayo wengine bado wanaiita mchanga wa Wahiba. Barabara ya lami inakufa hapa kwetu na mchanga unaanza. Mgeni yeyote anayekwenda kambini anasimama kwanza kwenye maduka ya matairi, atolewe upepo, kwa sababu tairi lililojaa linajichimbia kaburi. Kwa hiyo filamu ya jangwa hapa haitazamwi kwa macho ya Cannes. Inatazamwa na madereva.

"Kwanza upepo hakutoa," alisema dereva mmoja anayepeleka watalii kambini. "Pili, gari la magurudumu mawili ya kuvuta, mlima vile, mawe vile. Mie ningemrudisha njia panda." Mwenziwe akadakia kwamba malori yalikuwa mazuri, ila waliokuwa wakiyaendesha walikuwa wamevuta. Wakabishana kwa muda mrefu kama mtu aliyevuta anaweza kushika usukani kwenye kilele cha mchanga, na ami wa kahawa akawakumbusha kwamba hapa kwetu vijana wanapanda vilima vya Bidiyah, wilaya yetu, kwa magari yao mbele ya watu wote, na wengi wao hawajavuta kitu isipokuwa sifa. Baraza zima likacheka, dereva naye akacheka kwa shida, maana mwanawe ni mmoja wao.

Baada ya magari ikaja ngoma. Mzee aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa hapa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964, alikuwa kimya muda wote. Akasema: "Mnashangaa nini? Kibuki hamkukiona? Watu walicheza mpaka asubuhi, brandi ikinywewa, na ukimuuliza aliyekunywa anakwambia si yeye, ni shetani wake." Akataja na leiwa, ngoma ya watu wa Sur, zumari likilia, duara likizunguka mpaka mtu ajisahau. Kwa hoja yake, binaadamu tangu zamani anatafuta mahali pa kujivua kwa usiku mmoja, na aliye na spika na aliye na msondo wanatafuta kitu kimoja.

Kijana anayesoma chuo Ibra akamjibu kwa adabu, lakini akamjibu. "Sawa, Ami. Lakini kibuki kina fundi. Mtu akipandwa, fundi yupo. Anajua shetani gani, anataka nini na atashuka saa ngapi. Hawa wa kwenye filamu fundi wao nani? Spika?"

Mie nilidhani hoja imefungwa. Lakini maoni ya kina mama yalikuja kwa sauti ya simu, maana na wao waliitazama kwao ndani, na Shangazi mmoja hakuwa na habari na fundi wala shetani. Alisema: "Hao mnaowaita wavuta bangi ndio waliomvuta yule mzee na gari lake akavuka mto. Hawamjui, hawamdai. Nyie mngemvusha?" Madereva walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba angemvusha, ila kwa bei.

Sasa nifike kwenye kilichowakera watu kweli, maana mbwa, bangi na mabega vilikuwa visingizio. Filamu inakwenda vizuri, tunazoea wale watu, hata tunawapenda kidogo. Malori yanakwama mlimani. Baba anashuka kwenda kusaidia, mtoto na mbwa wamo ndani ya gari. Gari linaanza kurudi nyuma lenyewe. Linatumbukia bondeni. Mtoto ambaye hakuonja hata sigara ndiye anayetangulia kufa.

Majlisi ilinyamaza, kisha ikalipuka. "Jiwe!" dereva alipiga kelele. "Jiwe moja tu nyuma ya gurudumu!" Ami wa kahawa akasimama, akasema filamu hii haina adabu. Walevi wazima, mtoto kafa: hiyo ni akili ya wapi? Na mbele huko mambo yanazidi. Wanafika jangwani wamechoka, wanakula dawa zao, wanawasha muziki ili wamwombolezee mtoto kwa njia wanayoijua, na ardhi yenyewe kumbe imetegwa mabomu. Wanalipuka mmoja baada ya mwengine. Baba anapita katikati akiwa hana tena la kuogopa, na hapatwi na kitu. Binti hapatikani. Mwisho tunaachiwa treni ikikata jangwa na watu wamekaa juu yake. "Funzo liko wapi?" aliuliza Ami, na mara hii hakuna aliyecheka.

Swali lake ni la haki, na ndilo lililonikalisha niandike. Sisi tumelelewa na filamu za funzo. Kanda zilizotoka Dar es Salaam, tamthilia za Kimisri za mwezi wa Ramadhani, zote zina hesabu moja: kijana anaingia disko mwanzoni, ananusa katikati, anazikwa mwishoni, na mama analia akitutazama usoni ili tuelewe. Mtazamaji anatoka hapo moyo umetulia. Aliyekosa kalipa, mie sikukosa, basi mie nimepona. Tunaziita za kuelimisha, na kazi yake kubwa ni kututenga sisi na wao.

Laxe kaikataa hesabu hiyo. Bomu lake haliulizi nani kavuta. Mtu akitoka hapo hawezi kusema "mie sikukosa", kwa sababu mtoto naye hakukosa. Hasira ya baraza ilikuwa hapo: tuliketi kama mahakimu, tukanyimwa mshitakiwa.

Na tabia hii ya kutaka mshitakiwa haiishii kwenye runinga. Bahari iliyoko nyuma ya Sur ndiyo ileile iliyopitisha majahazi ya tende na boriti baina yetu na Afrika, na ndiyo inayopitisha unga. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa lenye zaidi ya tani moja ya heroini. Kila mmoja wetu ana jamaa Unguja, na katika ukoo mpana hakosi mmoja aliyepotelea maskani. Kule wenzetu walilia, kisha wakafanya kazi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni 2011, Zanzibar ikafuata 2015 pale Kidongo Chekundu, na soba hausi zimeanzishwa na watu ambao wenyewe walikuwa wakitumia.

Tuulizane sasa, sisi tulioketi kwenye mito: katika koo zetu, mtoto akipotelea kwenye unga, picha yake hufanywa nini? Huteremshwa ukutani. Watu wakiuliza, kaenda Dubai. Yuko masomoni. Anaumwa tumbo. Mama anajua, baba anajua, jirani anajua, na kila mmoja anamsaidia mwenziwe kutojua. Tunaiita sitara, na sitara ni jambo jema katika dini yetu. Lakini ipo sitara ya kumfunika mtu asiaibike, na upo ubahili wa kujifunika sisi tusiaibike naye. Aliye chini ya shuka la pili anakufa peke yake.

Luis yeye aliichapisha ile picha. Akaingia nayo mahali ambapo mtu wa umri wake hana la kutafuta, miongoni mwa watu wa kumcheka, akamwambia kila aliyekutana naye: huyu ni wangu. Hakumtukana binti, na hakuwatukana wenzake wa ngoma. Alifanya uzembe wa jiwe na akalipa kuliko inavyostahili. Lakini hatua ile ya kwanza, ya kuikunjua picha mbele za watu, ndiyo ambayo baraza letu lote lisingeweza.

Na wala hatuna pa kujificha kwa kusingizia serikali. Sheria ya dawa za kulevya ya Oman, ya mwaka 1999, ni kali sana kwa wafanyabiashara, hakuna asiyelijua hilo. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango: mtumiaji anayejipeleka mwenyewe kutibiwa hafunguliwi mashitaka, na jamaa zake wa karibu nao wanaweza kumwombea matibabu. Hospitali ya Al Masarra, kule Al Amerat, inawapokea. Anayepungua ni mtu wa kumshika mwanawe mkono mchana, mbele ya majirani, wakapanda gari.

Nilipoyasema haya kijiweni, Ami wa kahawa alisonya tena, ila msonyo wa pili ulikuwa mfupi. Akasema mtu anaweza kuonyesha picha ya mwanawe bila ya kulazimishwa kutazama mbwa akilewa. Pia alilalamikia jina. Kwake Sirāt, daraja la akhera, si jina la kuandika juu ya maspika. Nikamwachia, maana hapo ana haki yake, na Laxe hakuomba ruhusa ya mtu wa Bidiyah.

Kura ikapigwa kwa midomo, kama kawaida yetu. Dereva: filamu nzuri, baba mzembe. Shangazi, kwa simu: baba mzuri, filamu ya kishenzi. Kijana wa Ibra: muziki mzuri, mengine atayafikiria baada ya mitihani. Mie nachukua nusu ya dereva na nusu ya Shangazi: filamu nzuri, baba mzuri. Uzembe na ushenzi nawaachia wenyewe wagawane.